Kila mwalimu ananiambia mwanangu "hana tatizo": je, naruhusiwa kuuliza zaidi ya hapo?

MamaWaBuswelu (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Kwa walimu na wazee walioko humu, shikamooni.

Nina binti anayesoma darasa la tano katika shule ya msingi ya serikali hapa Wilaya ya Ilemela, mkoani Mwanza, Tanzania. Mkondo wao una wanafunzi wapatao 100, dawati moja hukaliwa na watatu na siku nyingine wanne, na mwalimu wao wa darasa ni mtu mwenye bidii ambaye simlaumu kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Binti yangu ni mtulivu. Anawahi shuleni, anamaliza kazi za nyumbani bila kusukumwa, na tangu aanze darasa la kwanza sijawahi kuitwa shuleni kwa kosa lake. Basi kila ninapohudhuria kikao cha wazazi na zamu yangu ikafika, jibu huwa ni lile lile: "Huyu hana tatizo, mama. Wangekuwa wote kama huyu tungefanya kazi kwa raha." Kisha anaitwa mzazi anayefuata, ambaye mtoto wake ni mtoro au mgomvi, na mwalimu anakaa naye kwa kituo, anafungua daftari, anamweleza mtoto alianza lini kubadilika, anaketi na nani, ni somo gani amelikatia tamaa, na kwa pamoja wanapanga la kufanya. Namfurahia mzazi huyo. Lakini mimi narudi kiwandani kwenye hesabu zangu za minofu ya sangara nikiwa sijui lolote kuhusu masomo ya mwanangu zaidi ya wastani wa alama na nafasi aliyoshika.

Hilo la kikao ningelivumilia. Linalonikera ni kwamba utulivu wake umegeuzwa kuwa kifaa cha darasa. Amepewa ukiranja, maana yake ni kwamba mwalimu akitoka yeye husimama mbele na karatasi kuandika majina ya wapiga kelele, na akirudi nyumbani ananiambia ni nani aliyemtishia njiani kwa sababu ya karatasi hiyo. Ameketishwa katikati ya wavulana wawili wasumbufu "ili watulie", na kweli wametulia kidogo, ila yeye sasa anaandika akiwa amekunja mkono kuficha daftari lisichorwe. Yeye ndiye anayetumwa kuchota maji ya ofisi ya walimu, kwa kuwa anaaminika kwamba hatazurura. Na siku darasa lilipofanya fujo, wote walipigishwa magoti na wote walichapwa, naye akiwemo. Bibi yake hupenda kusema chanda chema huvikwa pete; mimi naona pete yenyewe imekuwa ndoo ya maji.

Swali langu ni hili. Katika darasa la watoto wengi namna hiyo, ni jambo gani la haki ambalo mzazi wa mtoto mwenye nidhamu anaweza kumwomba mwalimu? Ndugu na jirani wameniambia nishukuru Mungu na ninyamaze, kwa sababu wenye watoto watukutu wangetamani shida yangu. Ningependa kusikia hasa kutoka kwa walimu wenyewe.

ChakiNaDasta

Mama wa Buswelu, pole na majukumu. Mimi ni mwalimu wa darasa upande wa Igoma, nafundisha darasa la sita, na mada yako nimeisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Naomba nianze na hesabu, kwa sababu wazazi wengi hawajawahi kuifanya. Kipindi cha shule ya msingi kuanzia darasa la tatu ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Ukizigawa kwa watoto 100, kila mmoja anapata sekunde 24, na hapo mwalimu awe hajaandika tarehe ubaoni, hajaeleza somo na hajasahihisha daftari hata moja. Kiwango kinachokusudiwa cha mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 kingempa kila mtoto kama sekunde 53, ambazo nazo si nyingi, ila ni zaidi ya maradufu. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto wameingia kwa wingi, na ni jambo jema ambalo sitaki yeyote alirudishe nyuma, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Sasa katika sekunde hizo chache, anayezipata si anayezihitaji zaidi wala aliyezifanyia kazi. Anazipata anayezinyakua. Mtoto anayempiga mwenzake hunyakua dakika tano kwa mkupuo mmoja, na mwalimu hana hiari kwa kuwa asipoingilia mtu ataumia.

Ndiyo maana mwanao anaachwa bila mtu yeyote kumnuia mabaya. Namna pekee niliyoona inasaidia ni kuuondoa uamuzi huo mikononi mwa kelele. Mimi nafuata kitabu cha mahudhurio. Kila siku majina matano, kwa mpangilio ule ule ulioandikwa, awe mkorofi au mpole. Watano hao nasahihisha daftari zao wakiwa wamesimama mezani kwangu na siyo baada ya vipindi ofisini, namwuliza kila mmoja anieleze kwa mdomo alivyolipata jibu moja, na naandika mstari mmoja kuhusu nilichokiona. Watoto 100 kwa watano kila siku ni siku 20 za masomo, karibu mwezi mzima. Mzazi akija, nina mistari ya kumsomea. Mara nyingi mistari inayonishangaza ni ya watulivu: yupo mmoja ambaye daftari lake lilikuwa safi kuliko yote, na alipoulizwa kwa mdomo ikabainika kwamba kugawanya kwa tarakimu mbili alikuwa akinakili kwa jirani tangu mwaka uliotangulia. Mwingine alikuwa haoni ubaoni. Kwa kuwa hakuwahi kulalamika, walimu watatu wa masomo walimwandikia "anajitahidi".

Kuhusu ukiranja, nitasema waziwazi hata kama wenzangu watachukia. Kumpa mtoto wa miaka kumi karatasi ya kuandika wapiga kelele ni kumhamishia kazi ambayo mwalimu analipwa mshahara kuifanya, na kumwachia yeye uadui unaotokana nayo. Viranja wanahitajika, kwa usafi, kwa kugawa vitabu, kwa kupanga mistari asubuhi. Karatasi ile niliifuta darasani kwangu, na kelele hazikuongezeka kama nilivyoonywa. Nafasi za kukaa nazibadilisha kila baada ya muda, ili mzigo wa kukaa na msumbufu usimwelemee mtu mmoja mwaka mzima.

Hilo la kuchapwa darasa zima linahitaji kusemwa kwa sheria na siyo kwa huruma. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, viwe ni kwa makosa mazito ya utovu wa nidhamu, na kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na aliyevitoa. Ukifika jina la mwanao, kwenye nafasi ya kosa utaandika nini? Ukitaka kuuliza jambo moja tu shuleni, uliza hilo, na uliulize kwa mkuu wa shule kwa adabu.

Mwl_Nidhamu_Misungwi

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari, kwa hiyo watoto ninaoshinda nao ni wale mnaowalalamikia.

Nakubaliana na Mwalimu wa Igoma kuhusu karatasi ya majina, lakini kuna jambo katika mada hii ambalo nisingependa lipite hivi hivi. Inasemwa kana kwamba uangalizi wa mwalimu ni ujira, na mtoto mpole ameufanyia kazi halafu akadhulumiwa, huku mtukutu akilipwa bila jasho. Mwenye mtazamo huo akipewa darasa, atawageuzia mgongo wale ambao tayari wamegeuziwa mgongo na kila mtu. Nimempokea kijana aliyekuwa akipigana kila wiki. Baba alihamia visiwani kuvua, mama akafuata, kijana akabaki na wadogo zake wawili akiwapikia. Ukimpa huyo uangalizi baada tu ya kuonyesha nidhamu, umempa sharti asiloweza kulitimiza. Na wapo watulivu wengi tu ambao utulivu wao ni woga wa kiboko, na siku wakihamia bweni ambako kiboko kiko mbali, tunaona walivyo.

Tahadhari nyingine ni kumsifu mtulivu mbele ya wenzake. Mwalimu anadhani anamjenga, kumbe anampa jina la kipenzi cha mwalimu, na jina hilo analibeba hadi kidato cha nne. Mama wa Buswelu, usiombe mwanao apewe zaidi kwa sababu ni mwema. Omba apewe sawa na wengine kwa sababu ni mwanafunzi.

MamaWaBuswelu

Mwalimu wa Misungwi, nimekuelewa, na sikukusudia mtoto wa mtu anyimwe. Ninapomwona yule mzazi mwingine akihudumiwa vizuri, sitamani aondolewe kwenye kiti, natamani nami kiti hicho nikalie kidogo. Lakini na wewe ukubali kwamba hilo neno "sawa" halipo kwa sasa. Mtoto wangu hapewi kidogo kuliko wengine tu, anatozwa pia: anatozwa muda wa kuchota maji, anatozwa kukaa kama ukuta kati ya wagomvi, na anatozwa adhabu ya kosa asilolifanya.

MkufunziZiwani

Ndugu zangu, mjadala umefika mahali pazuri. Nafundisha katika chuo cha ualimu kimoja cha Kanda ya Ziwa, na kila mwaka tunapowapeleka wanachuo kwenye mazoezi ya kufundisha, jambo hili la watoto watulivu hujitokeza katika darasa la kwanza kabisa tunalolitembelea.

Mwanachuo anauliza swali. Mikono inanyanyuka mbele kushoto, vidole vinapigwa hewani, "mwalimu mimi, mwalimu mimi!" Anachaguliwa mmoja wao, anajibu, anapigiwa makofi ya kilo, somo linaendelea. Baada ya kipindi ukimwuliza mwanachuo kama darasa limeelewa, anasema limeelewa sana. Ukienda nyuma kwenye dawati la tatu na kufungua madaftari, unakuta nusu hawakuelewa na hakuna aliyejua, kwa sababu hao hawakunyanyua mkono wala hawakusumbua. Mtoto wa aina hiyo anaonekana anafundishika kirahisi kuliko wote, kumbe hakuna aliyejaribu kujua kama amefundishika.

Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alilichunguza jambo hili kwa kupima saa madarasani, na matokeo yake yalitoka miaka ya 1970. Alikuta walimu wakishauliza swali husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kuita jina, kulirudia swali au kujijibu wenyewe. Walipofundishwa kunyamaza sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, walioshindwa kujibu wakapungua, na watoto ambao hawakuwa na kawaida ya kuzungumza, wakiwemo waliohesabiwa kuwa wazito, wakaanza kushiriki. Mwalimu wa Igoma ana sekunde 24 kwa kila mtoto. Hapa tunazungumzia sekunde mbili za ziada kwa swali, ambazo hazihitaji bajeti ya halmashauri wala mafunzo ya wiki nzima. Tunawaambia wanachuo wahesabu kimoyomoyo, kisha waite jina kutoka safu isiyonyanyua mkono. Siku ya kwanza huwa ngumu kwao. Kimya cha sekunde tatu mbele ya watoto 100 kinamtisha mwalimu kijana kuliko kelele.

Sasa niligusie lile la zawadi, kwa kuwa najua mtu atalipendekeza: tuwape watulivu daftari na kalamu siku ya kufunga shule, tuwataje kwenye mstari, basi. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa shule ya awali iliyoko katika Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto waliokuwa wakipenda kuchora. Wengine waliahidiwa cheti chenye nembo na utepe iwapo wangechora, wengine walipewa cheti hicho bila kutarajia, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye, watoto walipoachwa wafanye wapendavyo, wale walioahidiwa cheti walitumia katika kuchora takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao. Zile kalamu zilikuwa zile zile na karatasi zile zile. Kilichokuwa raha kilikuwa kimegeuka kuwa kazi ya malipo. Sisemi zawadi zote ni mbaya, na ukiangalia vizuri utaona wale walioshtukizwa nayo hawakudhurika. Nasema kwamba mtoto anayesoma kwa sababu anapenda kusoma hahitaji kuanza kulipwa nidhamu yake kwa kalamu. Anahitaji mtu aone kazi yake yenyewe, ile insha, ile hesabu, na amwambie kilichomvutia na kilichopungua. Kumwambia mtoto "wewe ni mtoto mzuri" hakumpi cha kufanya kesho. Kumwambia "aya yako ya pili imeeleza vizuri namna nyavu zinavyotengenezwa, lakini ya tatu umeirukia" kunampa.

Kwa hiyo namwunga mkono Mwalimu wa Misungwi kwamba uangalizi si ujira, na namwunga mkono mama kwamba mwanafunzi mwenye nidhamu ananyimwa. Wala sioni kwamba hayo mawili yanagombana.

Kijana_wa_Nyegezi

Shikamooni walimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na nilikuwa mmoja wa hao mnaowazungumzia, kwa hiyo nitaongeza upande ambao haujaguswa.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, nilikuwa mtulivu lakini nilikuwa naelewa, na mwalimu akiniita nilijibu. Kidato cha kwanza masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza karibu yote. Kuanzia hapo utulivu wangu ulibadilika bila mtu kujua. Nilikuwa nimekaa vile vile, mikono juu ya meza, macho ubaoni, sare safi, ila sasa nilikuwa sielewi na sikuwa na sentensi ya kuulizia. Wenzangu watundu walipokwama walitania, walichanganya lugha, darasa likacheka, mwalimu akacheka, kisha akawaelekeza upya. Mimi niliyeogopa kuchekwa sikuelekezwa. Kwenye ripoti ya muhula waliniandikia "nidhamu nzuri sana", na baba akaridhika.

Aliyenivua humo alikuwa mwalimu wa baiolojia, ambaye alikuwa na desturi ya kutupa vipande vya karatasi dakika za mwisho tuandike jambo moja tusilolielewa, kwa lugha yoyote na bila jina. Mwandiko wangu aliufahamu. Hakunitaja wala hakuniita mbele. Kipindi kilichofuata alianza kwa kulieleza upya jambo nililoliandika, taratibu, kisha akapita karibu na dawati langu akauliza kama sasa limekaa sawa. Nadhani walimu wa kidato cha kwanza hasa ndio wanaopaswa kuwashuku watoto wanyamavu, kwa maana ya kuwafuatilia, kwa sababu kwa miezi ile ya mwanzo darasa lililotulia kabisa huenda ni darasa lisilosikia kinachosemwa.

MamaWaBuswelu

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na suala la viboko nitalipeleka kwa mkuu wa shule kama nilivyoshauriwa. Bado nina shaka moja ya vitendo. Huyu mwalimu wa darasa ninamheshimu, na mwanangu ataendelea kukaa mbele yake kila siku. Nikienda na malalamiko yote haya nitaonekana mzazi mjuaji, na nachelea mtoto asije akalipa kwa ajili ya mdomo wa mama yake. Mnanishauri nimkabili vipi?

MstaafuWaKisiwani

Marahaba, mwanangu, na walimu wenzangu wote nawasalimu. Nilifundisha shule za msingi huku Ukerewe hadi nilipostaafu, na kwa hofu yako hiyo ya mwisho naona nina la kusema.

Kwanza nikuondolee dhana kwamba mwalimu anakasirika akiulizwa habari za mtoto. Mwalimu anakasirika akishtakiwa. Ukimwambia "unampendelea fulani na wangu humwoni", amejihami kabla hujamaliza sentensi. Ukimwuliza "mwalimu, nikikaa naye jioni nimsaidie kwenye nini?", umemlazimisha kwa upole akafungue daftari la mtoto. Hilo ndilo swali la kwenda nalo. Beba madaftari ya mtoto mwenyewe, yawe mawili yanatosha, hesabu na Kiswahili, na uyafungue kwenye ukurasa ambao wewe hukuuelewa. Mzungumze juu ya ukurasa huo, siyo juu ya tabia yake, kwa maana tabia mnaijua wote wawili na haiwapeleki popote.

Pili, usingoje kikao. Kikao cha wazazi ni cha matangazo, michango na mashtaka, na mwalimu pale ana foleni mbele yake. Nenda siku ya kawaida baada ya vipindi, ukiwa umempa taarifa. Kama kazi ya kiwandani haikuruhusu, andika barua fupi umpe mtoto aipeleke. Wapo wanaodharau barua siku hizi za simu, lakini barua hukaa mezani na ujumbe wa simu hupotea katikati ya jumbe nyingine.

La ukiranja na la kukaa katikati ya wavulana uliseme kama ombi la mtoto kupumzishwa. "Mwalimu, amekaa pale tangu muhula uanze, naomba apumzike naye ajaribu mwingine." Hakuna mwalimu mwenye akili atakayekataa ombi la namna hiyo. La maji ni zito zaidi kuliko linavyoonekana. Huku kwetu, na nadhani na huko bara ni vivyo hivyo, msichana mwenye adabu, anayepiga goti akisalimu, ndiye anayetumwa na kila mtu. Anatumwa maji, anatumwa chaki, anatumwa kumbembeleza mtoto wa mwalimu, na kila safari anakosa robo ya kipindi. Mvulana mwenye adabu hutumwa pia, lakini si kwa kiasi hicho. Wasichana wengi wenye vichwa vyepesi nimewaona wakipungua alama kwa namna hiyo pasipo mtu kujua zimeenda wapi. Omba shule iweke zamu ya maji kwa watoto wote, na isiwe saa ya masomo. Hilo hata kamati ya shule inaweza kulisemea bila jina la mtoto wako kutajwa.

Niwape na mfano mmoja, walimu wenzangu, wa kuonyesha kwa nini simwamini mtoto asiye na tatizo. Vijiji vyetu vya mwaloni huvua dagaa siku za giza, mwezi usipokuwepo, kwa kuwa mwanga wa taa ndio unaowavuta. Mitumbwi ikirudi alfajiri, dagaa lazima waanikwe mapema. Nilikuwa na msichana ambaye siku hizo alikuwa anafika shuleni kwa wakati, anakaa nyuma, hasemi neno. Watoro tuliwafuatilia mpaka majumbani kwao, tukaitisha wazazi, tukamwita na mtendaji wa kijiji. Huyu hakuwahi kutoroka, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha yoyote. Alikuwa ameamka usiku wa manane kuanika dagaa wa shangazi yake, kisha anakuja kulala macho wazi darasani. Aliyemgundua ni mwalimu mgeni ambaye alikuwa hajazoea kumwita mtulivu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwa mtoto huyu mshindo ulikuwa matokeo ya darasa la saba.

Tulizungumza na shangazi. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa anadhani, kama sisi, kwamba mtoto asiyelalamika hachoki.

Jambo la mwisho ni kwa walimu vijana. Mkiamua kuwatazama watulivu, watazameni mahali pa wazi. Meza ya mbele ya darasa, kivuli cha mwembe mbele ya ofisi, mahali ambapo mtu yeyote anapita na kuona. Mtoto mnyamavu, hasa msichana, ndiye ambaye mtu mwenye nia mbaya humchagua, kwa sababu anajua hatasema. Mwalimu mwema hapungukiwi kitu akimsahihishia daftari mbele za watu. Na wewe mama, mwulize binti yako mara kwa mara nani anamwita, wapi, na kwa kazi gani. Uulize kwa kawaida tu wakati mnapika, asione kwamba anahojiwa.

Ukienda shuleni na mwalimu akawa hana jibu siku hiyo, usimbane. Mwombe akupangie siku nyingine ndani ya wiki mbili, naye kuanzia hapo itambidi amtazame mtoto ili apate la kukujibu. Epuka tu mwezi wa Septemba, wakati darasa la saba wanafanya mtihani wao, maana walimu huwa hawana nafasi ya kukaa na mtu.